Sempai wapya (wasaidizi wa mwalimu wa karate) mnaofundisha watoto, someni hii kabla hamjaandika majina ya greding (mtihani wa kupanda mkanda)

Jumamosi nilikaa benchi la pembeni nikawaangalia mnavyofundisha, nyie mliofunga mkanda mweusi juzijuzi na nyie wa kahawia mnaosaidia darasa la saa tisa, na kuna mahali nilishika kichwa. Karate mnaijua, hilo sina wasiwasi nalo, na watoto wanawapenda, ukumbi unajaa kelele nzuri. Ila makosa mnayofanya ndo yaleyale tuliyofanya sisi, greding imekaribia, na nimeona tayari kuna mtu kaanza kuandika orodha ya majina. Kwa hiyo naandika. Mi ni mtu wa mtindo wa Shotokan, wenzetu wa mtindo wa Goju mtabadilisha majina ya kata (mifuatano ya mapigo anayofanya mtu peke yake), mengine yote yanawahusu pia.

1. Fika kabla ya wanafunzi, fagia. Ule ni ukumbi wa shule, mchana watu wanakula humo, mtoto akikanyaga punje ya wali akiwa kwenye mawashi geri (teke la kuzunguka) anatua na kisogo kwenye saruji. Ukishafagia kagua kucha, hereni na cheni.

2. Unaongea sana. Nawaambia kwa upendo kabisa, mnaongea sana jamani. Mtoto wa miaka saba kapiga oi zuki moja (ngumi ya kusonga mbele), sempai kamsimamia kichwani anamwambia goti, kisigino, hikite (mkono unaorudi kiunoni), bega, kiuno, macho, yote kwa pumzi moja, mtoto anaitikia "osu" halafu anapiga ileile kama ilivyokuwa. Chagua kitu kimoja. Mi ningechagua goti la mbele, maana likizoea kuingia ndani kwenye zenkutsu (mkao wa goti la mbele lililokunjwa) litakuja kumuumiza ukubwani, wakati hikite legelege haijawahi kumpeleka mtu hospitali. Leo goti, wiki ijayo kisigino. Mkiwa na hamu ya kusimulia historia ya Okinawa simulieni wakiwa wamekaa seiza (kwa magoti) mwishoni, siyo wakiwa wamechuchumaa kiba dachi mapaja yanatetemeka.

Na hapohapo kuna hili la video. Tangu Olimpiki ya Tokyo, ile iliyofanyika Julai na Agosti 2021, watoto wanaangalia kata ya Ryo Kiyuna na ya Sandra Sánchez kwenye simu, na wana haki ya kuziangalia, wale ndo waliochukua dhahabu na kata zao ni kitu cha kuangalia mpaka betri iishe. Tatizo ni sempai anayemfundisha mkanda wa njano kukunja sura na kuvuta pumzi kwa kishindo ili afanane nao. Sánchez alichukua dhahabu ile akiwa na miaka 39. Unachokiona usoni kwake kimetoka miguuni na kiunoni, kwenye miaka mingi ya kihon (mazoezi ya msingi), na mtoto ukimpa sura kabla ya miguu umempa igizo. Mpe miguu kwanza.

3. Acha kuwahesabia. Hii ndo iliyonifanya niandike yote haya, na hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa mkanda wa kahawia, nikapewa darasa la watoto kama mlivyopewa nyie. Nikawa nafundisha Heian Shodan, kata ya wanaoanza, hivi: nasimama mbele, nawapa mgongo, nahesabu ichi, ni, san, na mi mwenyewe naifanya kata pamoja nao mwanzo mpaka mwisho, kila siku, tukitazama jukwaa. Darasa lilikuwa linapendeza sana. Mistari imenyooka, wanageuka wote kwa pamoja, kiai (ukelele wa nguvu) inatikisa mabati, wazazi wako dirishani wanarekodi. Mstari wa mbele kulikuwa na dogo mmoja wa miaka tisa, huyu alikuwa anafika kabla ya wenzie wote na ananisaidia kusogeza madawati, gi (sare) yake kubwa kapindisha mikono mara tatu. Baba yake akalipa ada ya greding mapema, mi nikaandika jina bila kuwaza mara mbili. Ningemwachaje, dogo mwenye bidii vile?

Siku ya greding akaja mtahini kutoka dojo lingine. Mwanga wa madirisha ya upande wa pili ulikuwa unampiga machoni, akahamisha meza, akasema watoto watafanya wakitazama mlango. Upande ule sisi hatukuwahi kuutazama hata siku moja. Halafu akasema wanaingia wawili wawili, kila mtu kwa mwendo wake, hakuna wa kuhesabu. Hajime, yaani anzeni.

Dogo akaanza vizuri. Gedan barai (kuzuia chini) kushoto, oi zuki, akageuka, tettsui (pigo la nyundo la ngumi) ikatoka na sauti ya gi kabisa, akarudi kati, age uke (kuzuia juu) tatu, kiai. Sasa wote mnajua kinachofuata pale. Mguu wa kushoto unazunguka kwa nyuma robo tatu ya duara, mwili unatua kutazama upande wa kulia, gedan barai. Kwenye ukumbi wetu upande wa kulia kulikuwa na ubao wa matangazo, na mi sikuwahi kuwafundisha kwamba mguu unapita nyuma, nilikuwa napiga kelele tu "geukeni kwenye ubao!" na wao wanageuka kwenye ubao. Siku ile kulia kwake hakukuwa na ubao. Dogo akabaki na mkono juu kwenye age uke, kifua kinapanda na kushuka, macho yanazunguka ukumbi mzima mpaka yakanipata mimi kwenye benchi la wasaidizi. Siruhusiwi hata kukohoa. Akamwangalia mwenzie, mwenzie naye kageukia ukutani kapotea. Mtahini akawa mwungwana, akawapa nafasi ya pili tangu mwanzo. Akakwama palepale, mguu uleule.

Hakulia. Alimaliza kihon, akafanya gohon kumite yake (pambano la hatua tano na mwenzie) vizuri tu, akakaa seiza mgongo umenyooka kusubiri majina. Yalisomwa, lake halikusomwa. Baba yake akanifuata nje, hakunigombeza, angenigombeza ingekuwa afadhali. Akauliza kwa upole, "Mwalimu, si ulisema yuko tayari?" Na mi nikamjibu, dogo akiwa amesimama pale pale kashika mkono wa baba yake: "Aliogopa tu, mzee. Kata anaijua."

Aliogopa tu! Mtoto hakuogopa. Alikuwa hajui, na hakujua kwa sababu mi sikumfundisha, halafu nikaibeba aibu yangu nikamtwisha yeye mbele ya baba yake. Alirudi mazoezini siku chache, akawa anasimama mstari wa nyuma, kisha hatukumwona tena. Leo ni mtu mzima huko aliko, na sidhani kama anakumbuka kufeli kwenyewe, watoto wanasahau kufeli. Ninachohofia anakumbuka ni ile "aliogopa".

Kipindi kilichofuata sensei wangu hakunisema hata neno. Aliniambia nikae kwenye benchi, akawageuza watoto watazame mlango, akasema "Heian Shodan, hajime", akafunga mikono kifuani. Darasa lote lile zuri likasambaratika baada ya kiai ya kwanza. Kila mmoja akageukia kwake, wengine wakagongana. Wawili tu ndo walifika mwisho, na mmoja wao alikuwa dada mkubwa wa mtoto mwingine ambaye huwa anafanyia mazoezi uani kwao. Miezi yote ile walikuwa wananinakili mimi, na mi nilikuwa najipongeza.

Basi fanyeni hivi. Kata mpya, siku za mwanzo fanya nao. Wakishashika mpangilio hesabu tu, usifanye. Kisha kaa kimya kabisa, na ukimya huu uvumilie, nawaona mnavyowashwa kusaidia mtoto akisita sekunde mbili, mwacheni asite, hapo ndo anaijua. Halafu wageuze: leo mlango, kesho dirisha, keshokutwa kona. Waambie mguu upi unatoka na unapita wapi, msiwape alama za ukutani. Na mzunguko ule wa robo tatu upo mara mbili kwenye Heian Shodan, wa pili ni pale unapoingia kwenye shuto uke (kuzuia kwa ukingo wa kiganja), kwa hiyo utoeni peke yake, warudie huo tu hadi uingie. Dakika kumi zinatosha. Nyingine njema: mtoto akimaliza kata mwambie aangalie yuko wapi, Heian Shodan ina miondoko 21 na inarudi ulipoanzia, akijikuta karibu na dirisha ajue kuna hatua fupi mahali, aitafute mwenyewe.

4. Orodha ya majina. Jina haliingii kwa sababu ada imelipwa. Najua, na mnajua kwamba najua, ada ya greding inasaidia kulipia ukumbi, na mzazi akishatoa hela anaona mkanda uko njiani. Kama hela ya ukumbi haitoshi tukae tupandishe ada ya mwezi, tuiseme wazi, lakini tusiichukue kwenye kiuno cha mtoto. Pangeni majina kwanza, mzazi alipe baadaye. Na anayebaki, mzazi wake aambiwe wiki mbili kabla, ana kwa ana, siyo kwenye grupu la WhatsApp.

Mzazi atauliza mbona fulani walianza pamoja. Msibishane, mwambieni haya mambo ya madaraja siyo ya kale kama anavyodhani. Gichin Funakoshi, mwanzilishi wa Shotokan, alitoa dan (madaraja ya mkanda mweusi) za kwanza za karate 1924, tena kwa utaratibu aliouazima kwenye judo ya Jigoro Kano. Kabla ya hapo watu walifanya karate Okinawa bila daraja lolote, na Funakoshi mwenyewe alisimulia kwamba alikaa na kata tatu za Tekki miaka kumi. Chojun Miyagi, baba wa Goju-ryu, hakuwapa wanafunzi wake dan. Sasa mtoto wa darasa la tatu akisubiri greding ijayo hajapoteza kitu. Wazazi wengi wakielezwa hivi kwa heshima wanaelewa kabisa, niliowakuta wagumu ni wachache, na hao tatizo huwa wameshanunua soda za sherehe.

5. Kumite na walio chini yako. Ukiwa mweusi na mbele yako kuna mkanda wa kijani, wewe ndo unayelinda watu wawili. Kwenye kihon ippon (zoezi la shambulio moja na kuzuia) ngumi yako ifike kabisa kwenye umbali wa kweli, maana ukipiga hewani pembeni ya sikio umemfundisha kuzuia kitu ambacho hakiji, lakini isimame kabla ya ngozi. Kuna sempai mmoja Jumamosi alimgusa dogo pua halafu akacheka. Najua anasoma hapa. Dogo yule tangu hapo alikuwa anafumba macho kila ngumi ikija, na kumfumbua macho itachukua mwezi, na kazi hiyo nakupa wewe.

6. Siku yenyewe ya greding, mkikaa mezani na mtahini kama waandishi. Anza kuangalia miguu, mikono inadanganya. Andika palepale, wakija kumi na wanne huwezi kukumbuka nani alifanya nini. "Vizuri" na "ajitahidi" msiniandikie, hazimsaidii mtu. Andika "kokutsu (mkao wa uzito nyuma), uzito umeenda mguu wa mbele" au "mae geri (teke la mbele) harudishi mguu, anaangusha", kitu ambacho mtoto anaweza kukifanyia kazi Jumatatu. Asiyefaulu aitwe pembeni sikuhiyohiyo na aliyemfundisha, aambiwe kitu kimoja au viwili na lini ataitwa tena, na mzazi akiwepo useme kama kulikuwa na sehemu hukufundisha vya kutosha. Wazazi hawatawadharau kwa hilo.

7. Maji ya kunywa yawepo, Dar mwezi wa kumi na mbili mtoto anaweza kuanguka kwa joto kabla hajafika kwenye kata. Na mikanda mipya isinunuliwe wala isiingie ukumbini kabla ya matokeo. Nimeshaona mtoto amekaa anausubiri mkanda wa chungwa uliokuwa unatokeza kwenye mkoba wa mama yake.

Orodha niletewe Alhamisi. Kila jina liandikwe pembeni lini mara ya mwisho mtoto huyo alifanya kata yake bila hesabu na alikuwa anatazama ukuta gani. Lisilo na hayo nitalikata, na mwalimu wake ndo atakayempigia mzazi simu.