Usiifyatue RG14 ya urithi kabla ya kuikagua

Ndugu, umerithi bastola ya Röhm RG14 ya kaliba .22 na unataka kuijaribu. Subiri kwanza. Fremu yake ni ya aloi ya zinki, laini kuliko chuma, na huchakaa upesi.

Hakikisha silinda (sehemu inayozunguka yenye matundu ya risasi) ni tupu, kisha tia maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika. Kuifyatua tupu huweza kuharibu kingo za matundu. Vuta nyundo, bana triga usiiachie, halafu tikisa silinda. Ikichezacheza sana, risasi haitaingia mtutuni sawasawa: itakwanguliwa na vipande vya madini vitaruka pembeni. Hiyo mimi nisingeipiga hata mara moja.

Hata ikiwa imekaza, fundi wa bunduki aikague kwanza. Kwenye uwanja wa shabaha vaa miwani, na asisimame mtu ubavuni pako.