Kuandikiwa barua: kupelekewa au kusaidiwa kuandika?

Dada mmoja wa Wete kaniletea suali hili, nimelifupisha kidogo: "Maalim, asalaam alaykum. Ami yangu aliyekuwa profesa wa fasihi keshatangulia mbele ya haki, kaacha makasha matatu ya barua na chuo kinayataka yakahifadhiwe. Juu ya makasha tuandike Barua za Profesa, au Mawasiliano ya Profesa? Kaka angu anasema mawasiliano ni mambo ya simu."

Waalaykum salaam mwanangu, poleni, Mungu amrehemu.

Kaka ako mwambie mawasiliano yalikuwepo kabla ya simu, asili yake ni kuwasili, watu wanafikiana kwa maneno iwe kwa barua iwe kwa mjumbe. Lakini namuelewa, sa hivi ukisema mawasiliano mtu wa kawaida anafikiria minara na mitandao. Kosa si kosa ila neno limepanuka mno, halionyeshi kilichomo kashani. Na tafadhali msije mkaandika "majibizano", hilo litafanya watu wadhani marehemu alikuwa akigombana na kila mtu.

"Barua za Profesa" ndo ina mtego hasa. Ile "za" haisemi nani kaandika na nani kapokea. Chukua mfano wa Muhammad Kijuma, yule msanii na mwandishi wa Lamu, alikuwa akimwandikia Mwingereza William Hichens kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu, na leo karatasi zile ziko London kwenye mkusanyiko wenye jina la Hichens. Sasa ni barua za Hichens au za Kijuma? Zote mbili sawa, mmoja kaziandika mwengine kaziweka, "za" inawabeba wote na msomaji anabaki hajui.

Utaniambia basi tuandike "barua alizoandikiwa". Hapo napo pole pole, manake kwetu kuandikiwa barua kuna maana mbili. Mie nilipokuwa skuli nilikuwa mwandishi wa bibi yangu, mwanawe yuko Maskati, basi kila baada ya muda naitwa barazani na daftari, bibi anasema mie naandika, akimaliza ananambia "haya nisomee" na nikiruka neno anajua. Bibi akiwaambia majirani "leo nimeandikiwa barua" ndo hiyo niliyomwandikia mie ya kupeleka, na siku ikija ya Maskati pia husema "nimeandikiwa barua na mwanangu", kitendo ni kile kile, -ia ile ya kwenye "kuandikia" inaweza kuwa kwa kumpelekea na inaweza kuwa kwa niaba yake. Profesa labda hakuwa na haja ya mtu kumwandikia ila kama alikuwa na karani wa kumpigia taipu basi utata uko pale pale.

Kwa hivyo ushauri wangu: zilizotoka kwa watu andikeni "Barua alizopelekewa". Za kwake mwenyewe kwa kawaida hamtazikuta, ziko kwa wenziwe aliowapelekea, isipokuwa kama alikuwa akiweka nakala za kaboni, na hizo andikeni "Nakala za barua alizopeleka". "Barua walizoandikiana" iwekeni pale tu ambapo pande zote mbili zimo, suali na jawabu, la si hivyo mtakuwa mnamuahidi msomaji kitu hakipo. Makasha yote kwa pamoja yaiteni "Nyaraka za Marehemu Profesa" na jina lake. Moja ni waraka, nyingi nyaraka, hii "nyaraka moja" ninayoisikia maofisini inaniumiza masikio wallahi.

Umesema pia chini ya kasha moja mna "barua za Kiarabu" za babu yenu, halafu ukanipigia picha moja. Nimeisoma. Inaanza kwa salamu halafu "wa baadu, nakuarifu", na kutoka hapo ni Kiswahili kitupu mpaka mwisho, anauliza bei ya karafuu. Hiyo si barua ya Kiarabu, ni ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mkiandika vyengine mtu anayetafuta Kiswahili hatoifungua kabisa. Wazee wetu wameandika hivyo zamani sana, kuna barua za Kilwa za mwaka 1711 zimehifadhiwa Goa huko India, Kiswahili hicho hicho kwa herufi hizo hizo.

Na bahasha msizitupe, wala watoto wasibandue stempu, manake barua nyengine ndani imeandikwa "Ijumaa" basi, mwaka uko kwenye muhuri wa posta.