Alifukua mbegu zote, na kosa lilikuwa langu

Wiki iliyopita mama mmoja, msomaji wangu wa siku nyingi, aliniandikia: "Dada, nimefuata ushauri wako. Namsomea binti yangu hadithi ya mbegu kila usiku, tukapanda maharage kwenye kopo. Leo siku ya tisa kaniambia bustani ni uongo, hataki tena. Nimekosea wapi?"

Nilicheka peke yangu. Halafu kicheko kikaniishia, maana neno hilohilo nimewahi kuambiwa mimi, na mtoto wa miaka minne mwenye udongo hadi viwikoni.

Ngoja niwasimulie. Najua wengi mnaonisoma mnataka nilichokitaka mimi: mtoto apende kitabu, apende na udongo. Mimi nilikitaka kwa pupa. Nilikusanya vitabu vya picha vyenye bustani ndani yake, nikawa nasoma kimoja kila usiku, sauti ya mbegu nikiitoa puani, mvua nikiipiga kwa vidole juu ya jalada. Mwanangu alikuwa amekolea kabisa. Kilikuwa kiangazi, nje nyasi zimekauka hadi zinavunjika ukikanyaga, na sisi ndani tunasoma habari za mvua. Sikuona kasoro yoyote.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mbegu iliyolala ardhini. Ukifunua ukurasa imechipua, ukifunua wa pili ina maua. Jumamosi moja tukapanda maharage kumi na mawili. Jumapili asubuhi nikamkuta amechuchumaa kwenye tuta, kayafukua yote na kuyapanga mstari juu ya jiwe. Maganda yalikuwa yamekunjamana kwa maji, kama vidole vya mtu aliyekaa sana kwenye beseni. Tukayarudisha ardhini. Alhamisi akafukua tena, na safari hii mengine yalikuwa yameshatoa kimzizi cheupe, chembamba kama uzi. Vingi vilikatikia mkononi mwake.

Nikamkaripia. Nikamwambia na subira yavuta heri, methali ambayo kwa mtoto wa miaka minne ni kelele tu. Naye akanijibu bila hasira, kama anayenipa taarifa: "Kitabu kimesema uongo."

Hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Hadithi zetu tunaziitikia "uongo njoo, utamu kolea", na mtu mzima anajua uongo huo mpaka wake uko wapi. Mtoto hajui. Nilimpa hadithi ambamo mbegu inaota kwa kufunua ukurasa, nikampa mbegu ya kweli, kisha nikamgombeza kwa sababu aliniamini.

Hakulikaribia tena lile tuta. Miezi iliyofuata haina cha kusimulia: nilimwagilia magugu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, aliniita yeye mwenyewe. Nyungunyungu walikuwa wametoka, wamejaa njiani. Nilikuwa na kitabu mkononi, nikakiweka chini, nikachuchumaa. "Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo!" Nikamtungia palepale hadithi ya nyungunyungu asiye na macho, anayeuhisi mwanga kwa ngozi, anayepumua kwa ngozi hiyohiyo ndiyo maana hataki ikauke, na anayevuta majani makavu hadi shimoni kwake akayale. Yote ya kweli. Nilichokibuni ni jina lake na ukorofi wake. Mwanangu akauliza, "Sasa nyumbani atapajuaje?" Tukakaa pale kumwangalia mmoja hadi akazama wote, mkia ukiwa wa mwisho. Sijawahi kusoma ukurasa ukasikilizwa namna ile.

Jioni hiyo niliweka harage kwenye glasi, kati ya kioo na karatasi iliyoloweshwa, nikaanza hadithi mpya yenye sharti moja: isilitangulie harage. Siku ya kwanza hadithi ilikuwa na sentensi mbili, shujaa amekunywa maji, amenenepa. Mzizi ulipotoka, nao ndio hutangulia, shujaa akateremsha mguu mmoja. Tulipoilaza glasi ubavu, kesho yake mguu ulikuwa umekunja kona kuelekea chini, na mwanangu akaizungusha ile glasi wiki nzima akimchokoza. Kisha likaja shina limejikunja kama ndoano. Hapo nilimweleza kwamba likiwa ardhini husukuma udongo kwa shingo ili majani machanga yasichubuke. Akainama, akatembea chumba kizima akisukuma hewa kwa kisogo.

Usiku mmoja nikaanza kusimulia, akanizuia. "Leo hajafanya kitu. Tusimsingizie." Ndiyo, najivuna. Nitajivuna hadi nizeeke.

Kuna mtu wa karibu, mwenye kusomesha watoto, aliyeniambia mbele za watu kwamba mtoto hajamaliza herufi nami nampotezea muda kwa habari za minyoo. Nilinyamaza kwa heshima, nikaenda kulia bafuni. Leo namjibu. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua shule ya watoto wadogo mwaka 1837 na mwaka 1840 akaiita Kindergarten, bustani ya watoto, hakutafuta jina la kupendeza tu: aliwapa watoto vipande vyao vya kulima. Na herufi zenyewe mwanangu alizimalizia kwenye vibao vya tuta, akiandika majina ya miche.

Basi ushauri wangu, nao si mwingi: soma kilichoko nje ya dirisha. Mvua ikianza, hadithi za mbegu na nyungunyungu. Miche ikirefuka, hadithi ya alizeti, ambayo ikiwa changa hugeuka na jua mchana kutwa na usiku hurudi kulingojea mashariki, kisha ikikomaa hutulia ikitazama mashariki. Majani yakitobolewa, ni zamu ya kiwavi, tena usimfanye mwovu, kwani kipepeo mtamtaka baadaye. Jua likikausha kila kitu, soma za kuvuna na kuhifadhi mbegu, na za majani yanayooza yakawa mboji. Hadithi ya mvua wakati wa kiangazi iache kabatini. Narudia, iache kabatini.

Na wewe mzazi unayetaka mtoto asubiri, umesubiri nini wewe mwaka huu? Tunasoma haraka, tunaruka kurasa tukidhani wamesinzia, tunapanda leo na kesho tumesahau kumwagilia, halafu tunasema watoto wa siku hizi hawana utulivu. Mtoto anajifunza kungoja kwa mtu anayengoja naye. Kaa chini. Soma polepole. Chafua nguo. Kama huna siku kumi za kulitazama harage moja, anza na figili, huota kwa siku tatu hadi tano joto likiwepo, na baada ya mwezi hivi inang'olewa. Karoti usizithubutu mwanzoni, zinaweza kukaa wiki tatu bila kuonyesha hata ncha.

Haya yote, na zaidi, nilimwandikia yule mama. Aya sita. Nilimwambia ameharakisha hadithi, nikamwambia amwombe mtoto radhi, nikakaribia kumwambia na yeye ajiombe radhi. Jana akanitumia picha ya kopo. Ni la bati, limejaa udongo mweusi unaong'aa maji juu kama supu, na chini halina hata tundu moja. Maharage yameoza, basi. Hadithi yake haikuwa na kosa lolote.

Dada, toboa matundu manne kwa msumari, mwaga huo udongo, weka mwingine ulio mkavu kidogo. Panda kina cha vidole viwili. Na yale yaliyooza usiyatupe kabla binti hajayanusa.