Maswali ya Wasomaji: Takwimu za Uingereza Zinamhesabu Nani?

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zinahusu tarakimu zinazotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Uingereza, maarufu kama ONS, ambayo makao yake makuu yako Newport huko Wales, pamoja na zile za idara za afya na elimu. Tumechagua tano. Katika majibu yetu, England ni England peke yake. Tunaposema Uingereza tunamaanisha nchi zote nne, yaani England, Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini.

Nimetimiza miaka 65. Nimesoma kwamba umri wa kuishi wa mwanamume nchini Uingereza ni miaka 78.6. Je, nimebakiza miaka kumi na tatu na ushei tu?
*Mzee wa Leicester*

Shikamoo, Mzee wetu. La hasha, na hesabu yenyewe iko upande wako. Miaka 78.6 ni umri wa kuishi wa mtoto wa kiume wakati anapozaliwa, uliokokotolewa kutokana na vifo vya mwaka 2020 hadi 2022. Wa mtoto wa kike ulikuwa miaka 82.6. Watakwimu huchukua viwango vya vifo vya kila umri katika miaka hiyo mitatu, kisha huuliza mtoto aliyezaliwa wakati huo angeishi miaka mingapi iwapo viwango hivyo visingebadilika katika maisha yake yote. Ndani ya wastani huo wamo waliofariki wakiwa wachanga, vijana waliokufa ajalini, na watu wa makamo waliochukuliwa na maradhi ya moyo au saratani. Wewe umekwisha kuzivuka hatari hizo, na kwa hiyo umri wako una hesabu yake katika jedwali hilohilo: mwanamume aliyefika miaka 65 alikuwa na wastani wa miaka 18 na kidogo mbele yake, yaani kupita miaka 83, na mwanamke karibu miaka 21. Ikumbukwe pia kwamba miaka hiyo mitatu ndiyo ya janga la Uviko, kwa hiyo tarakimu zake zilishushwa na vifo ambavyo si vya kawaida.

Mahali mtu anapoishi nako kuna uzito wake. Kwa miaka mingi Blackpool, mji wa pwani ya kaskazini-magharibi, umekuwa mkiani mwa England kwa umri wa kuishi wa wanaume, na pengo kati yake na wilaya zenye neema za kusini huhesabika kwa miaka, si kwa miezi. Hata hivyo, bahari ya Blackpool haimuui mtu. Waliomo mjini wengi ni watu wa kipato cha chini, na wengine walihamia wakiwa tayari na afya dhaifu.

Vifo ni miongoni mwa takwimu imara kuliko zote, kwa sababu havitegemei hiari ya mtu kujibu. Uandikishaji wa kiraia ulianza mwaka 1837 huko England na Wales, na mwaka 1855 Scotland, na sheria inaitaka familia iandikishe kifo ndani ya siku chache. Ni tofauti na ule unaoitwa umri wa kuishi kwa afya njema, ambao kwa England ulikuwa karibu miaka 62 kwa wanaume na wanawake vilevile. Huo hutokana na swali moja la dodoso: kwa ujumla afya yako ikoje, nzuri sana, nzuri, ya wastani, mbaya, au mbaya sana? Wanaochagua majibu mawili ya kwanza huhesabiwa kuwa na afya njema. Wazee wawili wenye magoti yanayouma sawasawa, mmoja akisema "nzuri" kwa kumshukuru Mungu na mwingine akisema "ya wastani", huangukia pande mbili tofauti za tarakimu hiyo. Sisemi kwamba ni ya kutupwa, ila haina uzito sawa na daftari la vifo.

Mwaka 2023 tuliambiwa kwamba orodha ya kusubiri matibabu ya NHS, huduma ya afya ya umma, imekaribia milioni nane. Hao ni watu kweli? Kazini kwetu tumebishana sana.
*Mtunza wazee, Leeds*

Dada, mlikuwa na haki ya kubishana. Kilele kilikuwa Septemba 2023, wakati rufaa milioni 7.77 hivi zilipokuwa zikisubiri katika England, lakini zilikuwa za watu wapatao milioni 6.5. Kinachohesabiwa ni rufaa, si vichwa: bibi anayesubiri kubadilishiwa goti na wakati huohuo anasubiri kuondolewa mtoto wa jicho ameandikwa mara mbili. Tofauti si ndogo, kwani ni kati ya kusema kwamba mkazi mmoja kati ya saba yumo orodhani na kusema kwamba ni mmoja kati ya tisa. Aliyetangaza ya kwanza kana kwamba ni watu alitia chumvi, ingawa hata hiyo ya pili inatosha kumtia waziri yeyote jasho.

Saa ya kusubiri huanza kuhesabiwa hospitali inapopokea rufaa, na husimama matibabu yanapoanza au inapoamuliwa kwamba hayahitajiki. Siku ambazo mgonjwa alihangaika kumpata daktari wa familia hazimo. Lengo ni kwamba asilimia 92 ya wanaosubiri wasipite wiki 18, nalo halijafikiwa tangu mwaka 2016. Nimeona watu wakiiweka tarakimu hiyo kando ya zile za Wales na Scotland ili kuonyesha serikali ipi imeshindwa zaidi. Wales ina lengo la wiki 26, na Scotland ina ahadi ya wiki 12 inayoanza kuhesabiwa baada ya mgonjwa kukubaliana na daktari juu ya matibabu ya kulazwa. Saa za nchi tatu, zinazoanza kuhesabiwa mahali tofauti, haziwezi kushindanishwa.

Kuna jambo jingine linalofaa kuangaliwa na mtu wa kazi yako. Idadi ya wagonjwa walioandikishwa kwa madaktari wa familia wa England ilifika takriban milioni 63 mwaka 2024, wakati wakazi waliokadiriwa hawakufika milioni 59. Ziada hiyo ni ya waliohama bila kufutwa, walioondoka nchini, na waliofariki ambao majina yao yalichelewa kutolewa. Kwa hiyo kiwango chochote kinachogawanywa kwa idadi ya walioandikishwa hutoka kidogo kuliko kile kinachogawanywa kwa idadi ya wakazi, hata kama ugonjwa ni uleule.

Tunahamia Glasgow kutoka Birmingham na watoto watatu. Nawezaje kulinganisha matokeo ya shule za miji hiyo miwili?
*Baba watatu*

Kwa matokeo ya mitihani, huwezi. Elimu ni mamlaka ya kila nchi. Watoto wa England hufanya GCSE, mitihani ya umri wa miaka 16 hivi, ambayo kuanzia mwaka 2017 ilihamia alama za 9 hadi 1, ilhali wa Scotland hufanya National 5 na kisha Highers, zenye mitaala na umri wake. Mtihani wanaofanya wote ni PISA, unaosimamiwa na OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, kwa sampuli ya vijana wa miaka 15, lakini huo huzungumzia nchi nzima na hautakusaidia kuchagua shule.

Usitegemee sana hata kipimo cha milo ya bure. England, Januari 2024, asilimia 24.6 ya wanafunzi walikuwa na haki ya mlo huo kwa sababu ya kipato cha wazazi, na wengi hutumia tarakimu hiyo kupima umaskini wa shule. Scotland humpa mlo kila mtoto wa madarasa matano ya kwanza ya msingi, na kwa umaskini hutazama zaidi mtaa ambao mtoto anaishi kuliko mfuko wa mzazi wake. Itembelee shule yenyewe, uulize mahudhurio na idadi ya walimu wanaoondoka kila mwaka.

Redio ilisema mfumuko wa bei umeshuka hadi asilimia 2. Mbona risiti yangu ya dukani haikushuka?
*Mama Salma, London Mashariki*

Mama Salma, kilichoshuka ni kasi, si bei. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.1 Oktoba 2022, kiwango ambacho hakijaonekana kwa takriban miaka 40, kisha ukateremka hadi asilimia 2.0 Mei 2024. Chakula ndicho kilichoumiza zaidi: Machi 2023 bei zake zilikuwa juu kwa zaidi ya asilimia 19 kuliko mwaka mmoja kabla. Bidhaa iliyouzwa pauni 10 ikifuata mwendo huo hufika pauni 11.90; ikiongezeka asilimia 2 tu mwaka unaofuata, hufika pauni 12.14. Mtangazaji atasema mfumuko umetulia, naye atakuwa amesema kweli, lakini zile pauni 10 hazirudi. Ili risiti yako ishuke, ingebidi mfumuko uwe chini ya sifuri.

Sababu ya pili ni kapu. ONS hufuatilia bei za bidhaa na huduma zaidi ya 700, zikiwamo unga, mafuta ya gari, nauli na kunyoa nywele, na mwaka 2024 ilikuwa ikikusanya kila mwezi bei zipatazo 180,000 madukani na mtandaoni. Kila mwaka kapu hupekuliwa. Mwaka 2024 viliingia vikaangio vya hewa moto, na santuri zikarejea baada ya miaka mingi ya kusahaulika, huku vitakasa mikono, vilivyoingia wakati wa janga, vikitolewa. Binafsi huwa naisoma orodha hiyo kwa furaha kuliko ripoti yenyewe, kwani inaonyesha jinsi watu wanavyoishi bila mtu kuwahubiria.

Lakini kapu hilo ni la taifa zima, na uzito wa kila bidhaa hufuata matumizi ya kaya zote zikichanganywa pamoja. Kaya yenye kipato kidogo hutumia sehemu kubwa zaidi ya fedha zake kwa chakula, gesi na umeme; kwa hiyo vitu hivyo vinapopanda kuliko vingine, mfumuko wa kaya hiyo huwa juu ya ule unaotangazwa. Nyumba nayo ina kitendawili chake. Kodi ya pango unayolipa imo katika kipimo kikuu, CPI, lakini riba ya mkopo wa nyumba na kodi ya halmashauri hazimo. Kipimo kinachoitwa CPIH ndicho kinachoongeza kodi ya halmashauri na gharama za makazi za anayeishi katika nyumba yake mwenyewe. Kipimo cha zamani, RPI, kilivuliwa hadhi ya takwimu ya taifa mwaka 2013 kwa sababu ya kasoro za ukokotoaji wake, lakini bado kinatumika katika riba ya mikopo ya wanafunzi. Mwanao akiwa chuo kikuu, mfumuko wake wa bei si huu unaousikia redioni.

Nimepokea barua kutoka ONS ikinitaka nijiunge na utafiti wa nguvukazi. Je, ni matapeli? Na majibu yangu hayatapelekwa kwa watu wa uhamiaji?
*Msomaji, Reading*

Tahadhari yako ni ya busara, ingawa utafiti huo upo kweli. Anwani huchaguliwa kwa bahati nasibu, na kaya iliyochaguliwa huombwa kujibu mara tano, kila baada ya miezi mitatu, maswali kuhusu kazi, saa za kazi, masomo na mshahara. Hauna ulazima kisheria, tofauti na sensa ya mwaka 2021, ambayo kukataa kuijaza kungeweza kumtoza mtu faini ya hadi pauni 1,000. Mhoji wa kweli hubeba kitambulisho na kamwe hatakuomba nenosiri wala namba ya siri ya benki. Usipige namba iliyoandikwa kwenye barua kabla hujailinganisha na ile iliyo katika tovuti rasmi ya ONS.

Kuhusu uhamiaji, Sheria ya Takwimu na Usajili ya mwaka 2007 inafanya kutoa taarifa za mtu binafsi kuwa kosa la jinai, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka miwili. Sheria hiyo ina vighairi vilivyoandikwa wazi, kama vile amri ya mahakama, kwa hiyo sitakuambia kwamba ukuta hauna mlango hata mmoja. Lakini majibu hukusanywa kwa ajili ya kuandaa takwimu, si kwa ajili ya kuamua shauri la mtu fulani. Fomu za sensa hufungwa kwa miaka 100: zile za England na Wales za mwaka 1921 zilifunguliwa Januari 2022.

Ukijiuliza kwa nini wanakufuata wewe, jua kwamba watu wamechoka kujibu. Mwaka 2023 waliokubali utafiti huu walishuka chini ya mmoja kati ya watano, hadi Oktoba ya mwaka huo ONS ikasitisha kwa muda kutangaza makadirio yake ya ajira na ukosefu wa ajira. Sampuli ilipopungua, wahamiaji, wapangaji na vijana walikuwa miongoni mwa walio vigumu kuwapata, na Benki Kuu ya Uingereza, inayopanga riba kwa kutazama soko la ajira, ikabaki ikitegemea vipimo vingine. Nyumba ya kupanga huko Reading yenye watu wanaofanya kazi za zamu ndiyo hasa inayokosekana katika majedwali hayo. Ukiamua kukataa, wapigie uwaambie. Ukikaa kimya, tarajia barua nyingine, na huenda mhoji akabisha hodi jioni.