Bibi, Mjukuu na Safari ya Ndege

Swali: Mimi ni bibi, mkazi wa Ngamiani, Tanga. Nampeleka mjukuu wangu wa miaka 6 Afrika Kusini kwa shangazi yake, na wazazi wake wanabaki. Je, pasipoti zetu zinatosha?

Jibu: Hazitoshi, bibi yetu. Chukua cheti cha kuzaliwa cha RITA chenye majina ya wazazi wote wawili, pamoja na barua ya idhini waliyoisaini mbele ya wakili, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ikitaja jina lako, tarehe za safari na namba zao za simu, kwani ofisa wa uhamiaji akitia shaka anaweza kuwapigia palepale. Ambatisha nakala za vitambulisho vyao. Ikiwa mmoja amefariki, beba cheti cha kifo. Karatasi hizi zikae mkobani mwako, si kwenye sanduku linalopimwa uzito na kuondoka.