Jiwe la manati na mpira wa miguu: kipi kina "nguvu" zaidi?

Swali: Mwalimu, niko mwaka wa sita wa sekondari hapa Goma na mtihani wa Taifa unakaribia. Tumefundishwa momenta, yaani tungamo mara kasi, kisha nishati mwendo, yaani nusu ya tungamo mara kasi ya kipeo cha pili. Zote zinatoka kwenye vitu vilevile viwili. Jiwe likirushwa, ni ipi kati ya hizo ndiyo nguvu yake? Na kwa nini tusibaki na moja tu?

Jibu: Mdogo wangu, kinachokukwamisha ni hilo neno "nguvu". Nyumbani tunalitumia kwa kila kitu: nguvu ya moto, nguvu ya ng'ombe, nguvu ya dawa. Kwenye fizikia, msukumo wa kitu kimoja juu ya kingine unaitwa kani, na jiwe lililo hewani haliibebi. Linabeba momenta na nishati. Kani kubwa inazaliwa pale linapogonga kitu.

Tuseme jiwe la gramu 50 limetoka kwenye manati kwa mita 40 kwa sekunde, na mpira wa gramu 400 unakuja kwa mita 5 kwa sekunde. Zidisha: 0,05 × 40 ni 2, na 0,4 × 5 ni 2 pia. Momenta ni sawa kabisa. Ila jiwe lina juli 40 za nishati, mpira una 5.

Sasa vizuie vyote viwili kwa kani ya newtoni 20, karibu sawa na uzito wa mfuko wa kilo 2 za unga. Vyote vitasimama baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Lakini katika muda huo mpira utakuwa umesogea sentimita 25, na jiwe mita 2 nzima! Momenta inakuambia kani ifanye kazi kwa muda gani. Nishati inakuambia ifanye kazi kwa umbali gani. Mkono wako hauwezi kurudi nyuma mita 2. Jiwe linasimama ndani ya sentimita chache, kani inapanda mno, tena juu ya eneo dogo. Ndiyo sababu mpira unaudaka, na jiwe linakuvunja kidole.

Kuhusu kubaki na moja: haiwezekani. Ning'iniza kwa kamba kifuko cha mchanga cha kilo 1,95, jiwe hilo lijizike humo. Sasa una kilo 2 zinazokwenda mita 1 kwa sekunde. Momenta bado ni 2. Nishati je? Juli 1 tu. Zile 39 zimeishia kwenye kusukuma mchanga, joto na sauti. Mwingereza Benjamin Robins alitumia njia hii kupima kasi ya risasi, akaieleza mwaka 1742: alitazama gogo lililoning'inia limebembea kiasi gani, kisha akatumia momenta kukokotoa kasi ya risasi kabla ya kugonga. Angedhani nishati yote ya risasi imebaki kwenye mwendo wa gogo, angepata kasi ndogo mno. Wanafunzi wengi hukosea hapohapo: kugongana kunakokotolewa kwa momenta, kupanda kwa kifuko kikibembea baada ya hapo kunakokotolewa kwa nishati.

Usisahau pia kwamba momenta ina mwelekeo. Mipira miwili inayofanana, ikijiana uso kwa uso kwa kasi ileile, jumla ya momenta yake ni sifuri; nishati zake zinajumlishwa tu.

Mwisho, fikiria chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, la kilo 300 pamoja na mzigo wa viazi kutoka Kibumba, limefika barabara tambarare kwa mita 2 kwa sekunde, na breki inatoa newtoni 120. Litasimama kwa sekunde 5, baada ya mita 5. Likija kwa mita 4 kwa sekunde, litahitaji sekunde 10, na mita 20. Kokotoa mwenyewe kabla ya kuamini.