Maswali na majibu: Utitiri mpya kwenye manyoya, au lebo iliyopotea?

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: mtu amekuta utitiri kwenye ndege mwimbaji, na anataka kujua kama amegundua spishi mpya. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Swali: Nimeona vidoa vyeusi kwenye bawa la shomoro. Nimepiga picha kwa simu, naiambatisha. Je, ni spishi mpya?

Swali hili naletewa kila mara na jibu halijabadilika: picha ya simu haiwezi kusema. Utitiri wengi wa manyoya wana urefu wa kati ya milimita 0.3 na 0.7. Kinachotenganisha spishi ni urefu wa unywele mmoja, umbo la ngao ya mgongoni, kiungo cha uzazi cha dume. Hivyo hupimwa kwa mikromita, chini ya hadubini nzuri. Tena shomoro ni ndege aliyechunguzwa sana. Spishi zipatazo 2,500 za utitiri wa manyoya zimeshaelezwa, na jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Proctophyllodes peke yake ina zaidi ya 150. Anza kwa kudhani kwamba aliyekutangulia ameshampa jina, kisha jitahidi kuthibitisha kuwa sivyo.

Swali: Makala yangu nimeiita "Kimelea kipya cha manyoya". Mhakiki amelipinga neno kimelea. Nimjibu vipi?

Mjibu kwamba utalifuta, kwa sababu yuko sahihi. Neno hili limezoeleka hata kwa wataalamu, na limewaponza wengi.

Likunjue taratibu bawa la ndege aliye hai, ulielekeze kwenye mwanga, utazame. Utawaona wamejipanga safu kwa safu katikati ya vinyuzi vya unyoya, karibu na mti wake, kama shanga zilizotungwa. Proctophyllodes hupenda upande wa chini wa manyoya ya kurukia, na Trouessartia, jenasi nyingine, hukaa upande wa juu. Mwili umebapa ili upepo usiwapeperushe. Mdomoni hawana sindano ya kunyonyea, wana vikoleo vidogo vya kukwangulia. Wanachokwangua ni mafuta ambayo ndege hujipaka, pamoja na vilivyonatia humo. Mwaka 2019 mtafiti Jorge Doña na wenzake walichapisha uchunguzi wa vilivyomo tumboni mwao, kwa DNA na kwa hadubini, wakakuta kwamba chakula kikuu ni kuvu na pengine bakteria. Mdudu anayekula kuvu za manyoya huenda anamsafisha ndege, wala hamwibii kitu.

Kuna jambo jingine linalonipendeza sana kwa viumbe hawa. Watafiti Roger Jovani na David Serrano walionyesha mwaka 2001 kwamba ndege anapobadilisha manyoya ya mabawa, utitiri huepuka lile unyoya linalokaribia kudondoka. Kwa namna fulani wanalitambua, na wanahama mapema.

Vimelea wa kweli wapo. Familia ya Syringophilidae huishi ndani ya bomba la unyoya, hutoboa ukuta wake na kufyonza majimaji ya ndege. Knemidokoptes huchimba ngozi ya miguu mpaka miguu ikaota magamba mazito. Ikiwa wako umemtoa ndani ya bomba na mdomoni ana sindano, andika kimelea bila wasiwasi. Ikiwa umemwokota kati ya vinyuzi, andika "mkazi wa manyoya" mpaka uwe na ushahidi wa anachokula. Neno hili si dogo: watu wakisoma kwamba ndege wana vimelea wapya, hukimbilia dawa ya kupulizia na kubomoa viota.

Swali: Nikimshika ndege, utitiri hawa wataniuma?

Hapana. Unayemwogopa ni Dermanyssus gallinae, yule wa mabanda ya kuku, anayejificha nyufani mchana na kutoka usiku kufyonza damu. Wote tunawaita utitiri, lakini ni koo mbili zilizo mbali kabisa.

Swali: Wangu ana miguu sita. Si utitiri, basi?

Ni utitiri, ila ni lava, yaani bado mchanga. Hatua zinazofuata zina miguu minane.

Swali: Nina jike mmoja tu, lakini hafanani na yeyote niliyewahi kumwona. Naweza kumweleza kama spishi mpya?

Usifanye hivyo. Kwa Proctophyllodes, majike wa spishi tofauti hufanana mno. Alama nyingi ziko kwa dume: urefu wa kiungo cha uzazi, vikombe viwili vya kunatia kando ya mkundu, vipande vyembamba mfano wa majani mwishoni mwa mwili. Jike mmoja pia hakuonyeshi ndugu zake wanatofautiana kiasi gani kwa kawaida. Tafuta madume, kumi ukiwapata. Mimi naona spishi iliyocheleweshwa miaka mitano haimdhuru mtu, lakini jina lililoharakishwa litawasumbua wote watakaokuja baadaye.

Swali: Nimerithi chupa ya utitiri yenye lebo "ndege wadogo watatu, porini". Nianze na hatua gani?

Hapa nitakuwa mkali, na naomba radhi kwa uliyerithi, maana kosa si lako.

Utitiri wa manyoya kwa kawaida hupokezana kutoka kwa wazazi kwenda kwa makinda, humo humo kiotani. Ndiyo maana spishi nyingi zimefungamana na ndege mmoja au ndege wachache wa ukoo mmoja. Mwenyeji ni sehemu ya ushahidi, sawa na umbo la dume. Ukichanganya ndege watatu kwenye mfuko mmoja umeuchanganya na ushahidi, kwa sababu ndege akishakufa na kupoa wakazi wake huanza kutangatanga.

Limenifika. Miaka ya nyuma nililetewa chupa iliyoandikwa kuwa ni ya chozi. Ndani yake mlikuwa na dume mzuri wa Trouessartia, asiyelingana na yeyote aliyejulikana kwa ndege huyo. Nilichora, nikapima, nikaandika kurasa sita. Ndipo mkusanyaji akakumbuka kwamba asubuhi ile mfuko huo huo wa kitambaa ulikuwa umebeba mbayuwayu. Nilipofungua maandiko ya utitiri wa mbayuwayu nilimkuta dume wangu, ana jina lake tangu zamani.

Kwa hiyo: ndege mmoja, mfuko mmoja, tena mpya au uliofuliwa. Lebo iwe na spishi ya ndege, namba ya pete ya mguuni kama anayo, tarehe, mahali pamoja na vipimo vya ramani, jina la mkusanyaji, na sehemu ya mwili walikotolewa. Iandikwe kwa penseli, kwenye karatasi ngumu, itumbukizwe ndani ya chupa pamoja na utitiri. Kalamu ya wino usiiguse. Nimewahi kufungua chupa yenye spiriti ya rangi ya bluu na kikaratasi cheupe pee. Kila kilichoandikwa kilikuwa kimeyeyuka.

Chupa yako itafaa kwa kufundishia wanafunzi kutengeneza slaidi za hadubini. Usitoe spishi mpya humo.

Swali: DNA haiwezi kumaliza kazi hii yote?

Inasaidia sana. Jeni ya COI, kipande cha DNA kinachotumika kutambua spishi, hutuunganishia dume, jike na watoto wao, na hutenganisha spishi zinazofanana kwa macho. Lakini mfuatano huo unaulinganisha na mingine iliyoko kwenye hazina ya data, na mingine humo ilitoka kwa wadudu waliotambuliwa vibaya. Usimsage mdudu mzima. Toa DNA huku ganda likibaki salama, kisha lipandishe kwenye slaidi ili mwingine aje alitazame.

Swali: Holotaipu, yaani sampuli moja inayobeba jina la spishi mpya, naweza kubaki nayo nyumbani?

Hapana. Kanuni ya majina ya wanyama, kwa spishi zote zilizotangazwa tangu mwaka 2000, inakutaka uitaje holotaipu waziwazi na utaje mkusanyo itakakohifadhiwa na mahali ulipo. Ipeleke makumbusho. Kabla ya hapo hakikisha slaidi imekaushwa siku kadhaa kwenye joto la wastani na kingo zake zimezibwa kwa vanishi, maana dawa ya Hoyer, ile ya kupandishia utitiri kwenye slaidi, hunyonya unyevu.

Swali: Nataka kumpa jina la mama yangu. Nimeshalitangaza mtandaoni.

Kumuenzi mama ni jambo jema. Jina la mwanamke mmoja huishia na -ae, la mwanamume -i, la wanawake wengi -arum, la wanaume au mchanganyiko -orum. Ila hilo la mtandaoni limekuponyoka. Tangazo la namna hiyo halina nguvu kikanuni, na sasa jina linazurura bila maelezo. Tangu 2012 makala ya kielektroniki yanakubalika, mradi yamesajiliwa ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama, na usajili huo umetajwa ndani yake. Lifute tangazo, umalize makala kwanza.

Swali: Kwa nini Linnaeus ametiwa kwenye mabano katika Analges passerinus (Linnaeus, 1758)?

Kwa sababu Linnaeus, aliyempa utitiri huyu jina, alimweka kwenye jenasi ya Acarus, akahamishwa baadaye; mabano yanaonyesha kuhama huko. Usiyaondoe mabano.

Swali: Ni lazima niue ndege?

Si lazima, na ninakusihi usiue. Shirikiana na wenye kibali cha kunasa ndege na kuwavisha pete. Mmoja amshike, wewe ulikunjue bawa, uchovye brashi nyembamba kwenye spiriti na kuwaokota utitiri mmoja mmoja kutoka unyoya hadi unyoya. Ni kazi ya dakika chache. Akianza kuhema kwa nguvu, acha. Ndege waliokufa kwa kujigonga kwenye vioo wanafaa pia, kila mmoja na mfuko wake. Aliye hai usimwachie mpaka umesoma namba ya pete mara mbili na kuiandika.